Jiwe la Mlangoni

Mlango wa mama, Chaani, chumba cha nne kutoka bombani,
haubamizwi na upepo. Una jiwe.
Zito kama mtoto wa miaka miwili, kijivu,
lenye mistari myeupe iliyopindapinda
kama maziwa kwenye chai kabla hujakoroga.
Jua la asubuhi likiligusa, ulanga wake humetameta,
na Bi Mwanamize akipita na ndoo husema:
"Mghoi, jiwe lako lina magamba. Liparuze, ulikaange."

Huku kwetu jiwe ni matumbawe.
Unachimba choo, unakuta chaza.
Unabomoa ukuta, unakuta sega lisilo na nyuki,
nyumba za vidudu vilivyojenga chini ya maji
hata bahari ikarudi nyuma, ikaviacha juani.
Ni jiwe changa. Linakunywa maji, linatoka jasho,
msumari unaota kutu kabla hujapata picha ya kutundika.

La mama halinywi.
Alilitoa Vuria mwaka aliomfuata mumewe,
ndani ya gunia la viazi.
Utingo alilipima kwa mkono mmoja,
akalitoza nauli.

Nafundisha jiografia, kidato cha pili.
Nachora Vuria ubaoni, chaki inavunjika penye kilele:
mita elfu mbili mia mbili na nane.
Huu si mlima wa moto, nasema. Haukutapika kitu.
Ulizikwa. Ukakandwa, ukaokwa huko chini
hata mwamba ukasahau jina lake la kwanza.
Kisha mvua ikala vilivyoulalia, chembe kwa chembe,
miaka milioni mia tano na ushei,
na kilichokuwa sakafu
kikawa paa.

Dzuya, dawati la nyuma, anainua mkono:
"Mwalimu, nani alikuwa anahesabu?"
Darasa linaangua kicheko.
Natafuta jibu, kengele inaniokoa.

Julai. Kusi inavuma siku ya tisa,
shuka za mama haziikauki kamba.
"Unyevu wote huu," anasema, akikamua upya, "unakwenda wapi?"
Najua. Nimeusomea.
Unapanda Mazeras, unapita Mariakani,
unavuka nyika ya Taru bila kuiachia hata tone,
mbuga nyekundu, ng'ombe wa mbavu,
hadi Vuria inapousimamishia kifua.
Hapo hauna njia ila juu.
Kila mita elfu, nyuzi sita za baridi;
hewa inashindwa kubeba mzigo wake,
inautua kwenye majani, kwenye kuvu ya magome,
kwenye nywele za wasichana wanaoteka maji.

Mama ananisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu,
kama mzazi siku ya matokeo.
Kisha:
"Ukungu wa kwetu una chumvi.
Nilikuwa naulamba midomoni
kabla sijaiona bahari."

Kitabu changu cha shule kinakataa:
maji hupaa, chumvi hubaki.
Sikumwambia.
Miaka mitatu baadaye, chuoni, ukurasa wa mia na kumi,
nikasoma kwamba tone la ukungu haliwezi kuanza peke yake,
lazima lishike kitu,
na mara nyingi kitu hicho
ni punje ya chumvi iliyorushwa na wimbi.
Nilifunga kitabu. Nilitaka kupiga simu,
nikaona saa sita za usiku.

Sasa magoti yamemkataa.
Joto la Machi likizidi, feni ikizimika na umeme,
huburuta kiti mpaka mlangoni,
huvua kandambili,
hulaza nyayo zake juu ya jiwe.
Hubaki baridi, sijui vipi, hata saa nane za mchana.

"Tazama," ananiambia. "Kwetu leo kumefunika?"

Natoka uani. Upande wa magharibi
kuna matangi ya mafuta, waya za umeme,
kunguru wawili wakigombea utumbo wa samaki,
na anga nyeupe isiyosema kitu.

"Kumefunika," namwambia.

Anavuta leso mabegani.